Tundu la Waya

Mtaa mzima ulimwita Mwakani. Ukimuuliza mtu jina lake halisi alikuna kichwa, akatazama juu, kisha akakwambia nenda kamuulize mkewe. Alikuwa fundi redio. Jina la Mwakani hakupewa na wazazi, alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe, na nitawaambieni alivyolipata. Ila kwanza ingieni ndani, maana mtu asiyekijua kile chumba hawezi kumwelewa yule bwana hata akielezwa mpaka kesho.

Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: matofali yasiyopigwa plasta, mabati juu, mlango unaotazama barabara. Upande mmoja meza yake, na juu yake redio zilizotolewa matumbo, spika zisizo na makasha, na jiko dogo la mkaa la kupashia chuma cha kulehemu, kwa sababu nguzo za umeme zilifika mtaa wa pili zikaona hapo panatosha. Upande wa pili, cherehani ya mkewe, ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, maua yake ya rangi ya dhahabu yamefutika pale mkono unapopita kila siku. Mke wenyewe aliitwa Mama Pindo. Hapakuwa na sare ya shule wala suruali ya kazini pale mtaani ambayo pindo lake halikupita mikononi mwake. Na juu kabisa, katikati ya paa, palikuwa na tundu la kutosha kupita kidole gumba.

Tundu hilo Mwakani alilitoboa mwenyewe, kwa msumari na nyundo, walipohamia, wakati Mama Pindo ana mimba ya mtoto wao wa kwanza. "Hapa ndipo utakapopita waya," alimwambia mkewe. Waya gani? Waya wa sola, jamani! Paneli ingekaa juu ya bati, waya ungeshuka tunduni hadi kwenye betri, betri ingelisha mota, mota ingezungusha cherehani, na miguu ya Mama Pindo ingepumzika. Mota alikwisha kuipata. Aliiokota kwa muuza vyuma chakavu, kitu kidogo cha kutumia betri, na kipedali chake cha kubonyeza kwa vidole vya mguu tu. Aliifungua, akaisafisha, akaifunga tena, ikanguruma kama paka aliyeshiba. Mama Pindo akaishonea mfuko kwa vipande vya kitambaa cha maua, akaitundika ukutani kwenye msumari, juu ya cherehani, akawa anaitazama akishona.

Zilibaki paneli na betri. Duka la sola lilikuwa la mdogo wake Mama Pindo, bwana mmoja mcheshi, ulimi haukai. Wakaenda wote wawili. Bei ilikuwa kubwa, sikatai, lakini haikuwa ya kukimbiwa, wangejibana wakaipata. Mwakani alikwisha kuikumbatia paneli ubavuni atoke nayo, ndipo shemeji yake akafungua kinywa, tena kwa nia njema kabisa.

"Ila shemeji, wewe ni ndugu, sikufichi. Hivi vitu vinashuka bei. Ungeziona zilivyokuwa zamani, ungezimia."

Mwakani akasimama. "Zinashuka?"

"Kila mwaka. Na kila mwaka zinazidi nguvu."

Mwakani akaitazama ile paneli aliyoishika kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. Akairudisha ukutani taratibu, asije akaikwaruza. "Basi tutakuja mwakani," akasema.

Na kweli, mwaka uliofuata zilikuwa zimeshuka! Balaa lake ndilo hilo. Laiti zingepanda bei mara moja tu, angeshtuka akanunua. Lakini wapi, zilizidi kushuka. Kila mwaka alikwenda dukani, akauliza, akarudi nyumbani anapiga mluzi. "Mama Pindo, umesikia? Tungenunua mwaka jana tungeumia." Mkewe hucheka, huendelea kukanyaga. Masika yakija huweka beseni chini ya lile tundu, maji yakadondoka ndani, ti, ti, ti. Watu wakimwambia alizibe, Mwakani anakuwa mkali. "Lizibwe? Waya utapita wapi?"

Msimcheke sana. Mtu huyu hakuwa mvivu wala bahili. Alikuwa na ugonjwa mwingine, ugonjwa wa kupenda kijacho, na dawa yake haiuzwi popote.

Ugonjwa wenyewe ulimzidi alasiri. Asubuhi jua lilipenya tunduni likadondosha doa dogo la mwanga juu ya meza yake, katikati ya redio. Mchana doa lilishuka sakafuni. Alasiri lilikwisha kuvuka chumba chote, polepole, likapanda kwenye pedali ya cherehani na kukaa juu ya mguu wa Mama Pindo, mguu unapanda na doa linapanda, mguu unashuka na doa linashuka. Saa hizo ndipo redio ilipokuwa na kipindi cha sayansi, na mtangazaji wake alikuwa na sauti nzito ya kubembeleza, asiye na haraka na mtu. Redio yoyote iliyotengenezwa siku ile ilijaribiwa kwa kipindi hicho. Mwakani aliacha chuma kipoe, akakaa na kidevu mkononi, macho kwenye lile doa, akasikiliza. Kuna paneli zinazonasa mwanga mbele na nyuma. Kuna betri zisizochoka upesi. Kuna wataalamu mahali fulani wanahangaika na wino wa kunasa jua, wino wa kuchapwa juu ya plastiki kama gazeti linavyochapwa.

Basi hapo humwoni tena. Mwili uko kwenye kiti, mwenyewe kaondoka. Alikuwa mtaani, lakini mtaa wa siku zijazo, ambapo kuta zimepakwa rangi inayokunywa jua, na mtu akitaka kuchaji simu anaiegemeza tu ukutani. Mashine ya kusaga inasaga kwa nguvu ya bati lake yenyewe. Miavuli inawaka ndani giza likiingia. Na katika duka la vitambaa, jua linauzwa kwa mita, limeviringishwa kwenye jora, jeusi linalometameta, na wateja wanalisugua kwa vidole wakiulizana kama linachuja rangi.

"Nipimie mita tatu za jua," alisema siku moja kwa sauti, bila kujijua.

Mama Pindo hakuacha kukanyaga. "Na upana wake je?"

"Upana wa kitenge."

"Pindo lake linapindwa kwa uzi, au linachomwa kwa moto?"

Mwakani akafikiri. "Kwa uzi. Lakini uzi wenyewe ni wa shaba, mwembamba sana."

"Sindano namba ngapi, maana shaba haina huruma?"

Wakaendelea hivyo mpaka doa likafifia. Na niseme wazi, kwa sababu watu wengi walimhurumia Mama Pindo bure: alizipenda ndoto zile. Alikuwa na mume anayemwambia kila alasiri habari za nchi ambayo hakuna anayehangaika na giza, na yeye ndani ya nchi hiyo amepewa kazi yake, ya kulipinda jua. Wanawake wangapi wanapewa hayo? Ndiyo maana hakugomba. Angegomba, mambo yangekwenda vingine.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mwakani peke yake ndiye aliyelijua. Mchana, baada ya chakula, Mama Pindo alisinzia kidogo pale pale kwenye kiti chake, kichwa kimeegemea ukuta. Cherehani imesimama, miguu iko chini sakafuni, lakini mguu wa kulia ulikuwa ukikanyaga. Kisigino chini, vidole juu. Vidole chini, kisigino juu. Taratibu, usingizini, bila cherehani. Mwanzoni alimcheka, akamwigiza mbele ya watoto. Watoto walikua, wakaoa na kuolewa, wakaondoka, na mguu bado unakanyaga. Sasa hakucheka tena. Aliuangalia kidogo, kisha akageukia redio zake.

Goti lilianza kwa kulalamika asubuhi tu. Baadaye likalalamika kutwa. Mama Pindo akalifunga kitambaa, akakanyaga. Nesi wa zahanati, mteja wake wa siku nyingi, alikuja kupima gauni akaliona limevimba, akaliminya, Mama Pindo akauma mdomo.

"Mama, goti hili limelika. Ukiendelea kukanyaga litakusimamisha kwa nguvu."

"Litanisimamisha wapi na kazi hizi zote?" Mama Pindo akacheka.

Mwakani alisikia kila neno. Na moyo ulimuuma kweli, nisimsingizie, akaweka chini redio ya watu na kwenda dukani siku ile ile, amekata shauri. Alimkuta shemeji yake ameshika karatasi ya matangazo. Ni betri, aina nyingine kabisa, nyepesi, mtu anaibeba kwa mkono mmoja, inadumu miaka na miaka. Itaingia nchini mwakani. Nawaambia, ningekuwepo ningemchapa Mwakani kofi! Alirudi nyumbani na karatasi. Jioni alimkanda mkewe goti kwa mafuta ya moto, huku akimsimulia habari za ile betri, uzito wake, umri wake, jinsi isivyotaka kuongezwa maji. Mama Pindo aliegemea mto, macho amefumba.

"Haya," akasema.

Sasa sikilizeni siku yenyewe. Ilikuwa alasiri kama nyingine. Redio ya kinyozi ilikuwa imepona, mtangazaji yuko hewani, anazungumzia tena ule wino. Wameukaribia, anasema. Ukishapatikana, bei itakuwa ya kuchekesha, hata mtu wa chini kabisa ataufikia. Mwakani alikuwa mbali, kwenye duka la vitambaa, anachagua jora. Kuna kitu kikamsumbua huko huko ndotoni. Sauti ya mtangazaji ilikuwa safi mno. Miaka yote ameisikia ikipenya katikati ya kishindo cha pedali, kta-ta, kta-ta, mpaka akadhani ndivyo redio zinavyosema. Leo kila neno linamfikia peke yake, limeoshwa. Akageuka.

Mama Pindo alikuwa amekaa na shati la shule chini ya sindano, mkono mmoja wa shati umeshonwa nusu. Mikono yake iko juu ya gurudumu. Miguu iko kwenye pedali, na doa la jua liko juu ya mguu wa kulia, limetulia tuli.

"Vipi mke wangu, uzi umekatika?"

"Uzi mzima."

"Sindano?"

"Sindano nzima." Alikuwa anautazama mguu wake kwa mshangao, kama mgeni aliyeingia bila hodi. "Mguu umekataa, baba watoto. Nauambia kanyaga, haukanyagi."

"Pumzika kidogo, utarudi."

Mama Pindo akainua chuma cha kukandamiza kitambaa, akalitoa lile shati, akakata uzi kwa meno, akalikunja vizuri na ule mkono wake nusu, akamnyoshea mumewe.

"Mpelekee mwenye shati. Mwambie nitamalizia mwakani."

Hakulisema kwa kejeli, na hapo ndipo lilipomchoma. Kejeli angeijibu. Mama Pindo alilisema kawaida tu, kwa sauti ile ile ambayo neno hilo limesemwa ndani ya chumba kile miaka nenda miaka rudi, neno la nyumbani, halina ubaya. Mwakani alilisikia kwa mara ya kwanza kama ahadi inayotoka kinywani mwa mtu mwingine. Aliogopa. Akaliweka shati mezani, redio akaiacha inasema.

Akatoka alivyo, ndala mguuni, akiba yao mfukoni, chuma cha kulehemu amekisahau motoni. Na njiani akaona kitu ambacho kilikuwepo siku zote. Kinyozi ana paneli juu ya kibanda chake. Muuza maji anayo. Bibi mwenye genge anayo, ndogo, imefungwa kwa kamba. Wote hao walikuja kwake kuomba ushauri wanunue ipi, na wote aliwashauri vizuri kabisa, akapanda na juu kuwafungia. Wote walinunua mwaka wao, kwa bei ya mwaka wao, kila mmoja ghali kuliko aliyemfuata. Hao ndio walioumia, kwa hesabu aliyokuwa akimpa mkewe kila mwaka. Kinyozi alikuwa ananyoa kichwa cha mtu huku mashine inavuma, akampungia mkono. Hakuonekana ameumia popote.

"Shemeji!" Mdogo wake Mama Pindo aliinuka kwa vicheko. "Mbona mwaka wenyewe bado haujaisha? Umekuja mapema kuuliza bei!"

"Nataka paneli. Na betri, na waya wake."

"Eeh, ngoja, ngoja kwanza. Mzigo mpya uko njiani. Bei chini, nguvu juu, utapenda mwenyewe. Wiki chache tu. Kwa wewe ninavyokujua..."

Na nisiwafiche, moyo wa Mwakani uliruka. Ulizoea. Maskini, hata wakati ule, na ndala zake na vumbi lake, kuna kitu ndani yake kiliinuka na kuuliza: nguvu kiasi gani?

"Nipe ya leo," akasema.

"Shemeji, utaumia bure."

"Dada yako ameshindwa kukanyaga."

Yule bwana mwenye maneno akakiacha kicheko chake kife chenyewe usoni. "Tangu lini?" akauliza.

"Leo." Kisha Mwakani akatikisa kichwa, na machozi yakamtoka mbele ya wateja, mtu mzima yule, akayafuta kwa kiganja chenye masizi. "Tangu zamani, shemeji. Mimi ndiye niliyesikia leo."

Shemeji yake hakuuliza tena wala hakuhesabu alichopewa. Alipanda mwenyewe kwenye kreti akaishusha paneli, akaipakia kwenye mkokoteni pamoja na betri, akafunga duka, wakasukuma wote wawili. Kulikuwa bado na jua la kutosha walipopanda juu ya bati. Mama Pindo alikuwa chini, amekaa kwenye kiti chini ya lile tundu, shingo ameigeuza juu, anapepesa macho kwa vumbi. Waya ukaingia. Ukashuka kidogo, ukakwama, ukashuka tena, na yeye akaudaka kwa mikono miwili.

"Umefika!" akapiga kelele. "Mwakani wewe, waya umefika!"

Kule juu Mwakani aliegemea paneli yake akalia tena, na shemeji yake akajifanya anakaza misumari.

Kesho yake betri ilikuwa imekunywa vya kutosha. Wakaitoa mota kwenye mfuko wake wa maua, wakaifunga. Mama Pindo akaweka vidole vya mguu juu ya kipedali, akabonyeza, cherehani ikatoka mbio akaachia mikono na kupiga yowe. "Inanikimbiza!" Kile kipande cha mkono wa shati kikashonwa upogo mpaka kwenye kola. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwakani akachukua kidude cha kuzungushia sauti cha redio mbovu, akakihangaikia mchana kutwa na vikorokoro vyake, akakifunga pembeni ya cherehani, ukikizungusha mbio zinapungua. Watu walikuja kuitazama cherehani ya kuongezwa sauti. Mama Pindo alianza na spidi ya kunong'ona. Baada ya siku chache alikuwa anaimbisha.

Ila doa la jua halikurudi. Paneli ilikuwa imekaa juu ya tundu na kulifunika, na Mwakani, asubuhi akikaa mezani, alilitafuta kwa macho bila kujijua. Alilikumbuka. Kipindi cha redio bado alikisikiliza, na ndoto bado alizikuta mahali pake, jora zimepangwa, mwenye duka anamsubiri. Hakuna aliyemwambia aziache.

Siku mzigo ulipoingia, shemeji yake hakuweza kujizuia. Alikuja mbio mchana wa jua kali, jasho linamtiririka, akafika mlangoni.

"Shemeji! Zimeshuka! Hujawahi kuona, yaani nusu..."

Mwakani akaweka kidole mdomoni. Mama Pindo alikuwa amesinzia kwenye kiti chake, kichwa ukutani, kazi ya watu mapajani. Yule bwana akaingia kwa kunyata, akachuchumaa kando ya meza.

"Zimeshuka," akanong'ona. "Nusu ya uliyonipa. Nilikwambia utaumia."

Mwakani aliyangoja yale maumivu yaje. Aliyajua, alikuwa ameyaogopa sehemu kubwa ya maisha yake. Kilichokuja kilikuwa uchungu mwingine kabisa, wa kufikiri kwamba hata ile bei ya kwanza kabisa, ile kubwa, wangeiweza, na mguu ule ungekuwa umelala miaka yote hiyo. Akavuta pumzi.

"Angalia mguu wa dada yako," akamwambia.

Shemeji akaangalia. Mguu wa kulia ulikuwa sakafuni, umevuliwa ndala, vidole vimelegea, kisigino kimelala upande. Akaangalia tena. Akainama kabisa.

"Mbona sioni kitu?"

"Ehe," alisema Mwakani. "Haukanyagi."